Kumuaga Shangazi na Kiazi Chake Jeuri

...basi asubuhi hii, Mheshimiwa Mkurugenzi, waheshimiwa wataalamu, wageni waalikwa, na wakulima wenzangu mliojibanza huko nyuma, wakati nyinyi mnapanga viti humu ukumbini, mimi na Shangazi tulikuwa tumechuchumaa kwenye shamba la mbegu nyuma ya stoo, tunageuza majani ya viazi.

Samahani, nimeanza katikati. Kipaza sauti sijakizoea, na darasani sikukaa sana. Nimeambiwa nimuage mtaalamu wetu anayestaafu kwa niaba ya wakulima, na yeye ni dada wa baba yangu, kwa hiyo nikikwama mnivumilie.

Aligeuza jani moja. Chini yake kulikuwa na utando mweupe, kama unga uliopulizwa. Akaliinamia, akalitazama kwa karibu.

"Shangazi, si umande huo?"

"Umande gani saa hizi, baba? Amefika."

"Nani?"

"Mdogo mtu."

Wakulima mmeelewa. Wageni, niwaeleze alivyotueleza yeye. Ukungu wa viazi si mmoja, ni ukoo. Yuko kaka mtu, mkali, aliyemaliza mashamba ya wazazi wetu. Na yuko mdogo mtu, mnyonge, anasukumwa mezani hata tonge hapati. Shangazi akatuletea kiazi ambacho kaka mtu hakiwezi, sisi tukakiita Jeuri. Nani humu hakushibisha watoto kwa Jeuri? Lakini yule mnyonge, kumbe, ndiye mwenye meno ya kukitafuna.

Shangazi hilo alilijua. Akatuambia, pandeni mstari wa Jeuri, mstari wa Laini, kile kiazi cha zamani kinachougua haraka. "Mwacheni kaka mtu apate kidogo, amzuie mdogo wake." Tulimcheka! Jirani yangu Mapengo, yule pale, usijifiche, alisema, "Mtaalamu anataka tulale na mgonjwa kitanda kimoja, ili iweje?" Tukang'oa Laini yote. Maana kwetu kiazi kinachougua ni aibu, kama kufuga mwizi ndani. Bonde zima likawa Jeuri tupu. Kaka mtu akafa njaa, sisi tukashangilia, na hakuna aliyejiuliza: kaka akitoka mezani, sahani anaachiwa nani?

Msimu uliopita tukapata jibu. Mashamba yetu yakanuka. Shangazi hakusema "niliwaambia." Alipita nyumba kwa nyumba, akikuta mtu analia anakaa naye chini, basi. Wangapi wenye elimu yake wangeweza kufunga mdomo hivyo?

Ilikuwa imebaki mbegu safi ya hapa kituoni tu, kazi ya ujana wake wote. Na leo, siku ya kuagwa, hiyo nayo imeingiliwa.

Nikamwambia, "Tubakize hata mstari mmoja, Shangazi, wa kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya kuwapelekea ugonjwa majirani? Ng'oa yote. Fukia."

Akanawa mikono, akaenda kuvaa hilo gauni mnalolisifia. Tangu hapo anacheka na kila mgeni. Mimi nimekaa pembeni namwangalia. Mkipiga makofi anacheka, mkiacha anaangalia dirishani.

Mheshimiwa Mkurugenzi, ulituomba tusubiri kung'oa mpaka picha zipigwe pale shambani. Kwa heshima zote, baba, picha hiyo haitapatikana.

Shangazi, kiazi chako kimekufa, na tuliokiua ni sisi tuliokipenda peke yake. Nenda kapumzike. Nisamehe, ukipewa zawadi yako sitakuwepo.

Nawashukuru wote kwa masikio yenu. Naondoka sasa, maana mvua imeshaanza kugonga bati, na kila tone litakalopiga yale majani litamrusha huyu mdogo mtu mpaka bonde la pili, ambako bado hawajamjua. Mliokuja na majembe, tutokeni.