Kuruta Aliyekataa Mkono wa Mama Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Nzuguni, mlioko Miyuji, na ninyi wa Mtera mnaogeuza samaki juani huku mmetutegea sikio, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Sajenti Matonya Chidawali, aliyefariki mwezi uliopita kwa maradhi ya figo, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Amezikwa Nzuguni. Narudia kwa waliochelewa: ni Matonya, mume wa Frida, yule mkufunzi mrefu aliyecheka kwa mabega bila kutoa sauti.

Wengi mlimfahamu kama askari aliyefundisha askari. Wachache mnajua kwamba nusura arudishwe nyumbani kabla hajawa askari. Habari hiyo tumepewa na familia, na familia yenyewe mpaka leo haijaamua iicheke au iisikitikie.

Matonya alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mambo mawili yalimfika mwezi mmoja. Kwanza, wazee wa kina Frida waliipokea barua yake ya posa na kuijibu vizuri. Pili, aliitwa kambini kwa mafunzo ya kijeshi. Fomu ya kambi iliuliza: umeoa? Akaandika hapana. Ni kweli, hakuwa ameoa. Lakini mtu ambaye posa yake imekubaliwa ni kapera, au tayari ni mkwe wa watu? Fomu haikuacha nafasi ya swali hilo.

Asubuhi ya kwanza makuruta walipangwa mstari. Kuruta, kwa asiyejua, ni askari mwanafunzi ambaye hajala kiapo. Akatoka mbele mkufunzi wao, mwanamke mfupi, mkakamavu, sauti yake kama shoka kwenye kuni. Akajitambulisha kuwa ni Sajenti Loisi, mzaliwa wa Mvumi. Matonya akahisi ardhi inasogea. Frida alishamsimulia habari za mama yake mdogo, Loisi wa Mvumi, aliyeko jeshini. Na mama mdogo wa mchumba ni mama mkwe. Huyu hapa, hatua tatu mbele yake, anafoka.

Ninyi mliohamia Dodoma kwa kazi za ofisini, niwaeleze, na wenyeji mnisahihishe nikikosea. Mgogo aliyelelewa kwa mila hamkodolei macho mama mkwe. Wakikutana njiani, kijana ndiye anayeacha njia. Hampi mkono. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na heshima hiyo Matonya aliinyonya pamoja na maziwa.

Sajenti akaamuru atazamwe anaposema. Matonya akatazama buti zake mwenyewe. Akaamriwa tena. Akatazama buti za jirani. Alipewa adhabu ya kumwagilia miche ya kambi kwa kopo, kutoka bombani hadi juu ya kilima. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Sajenti akaandika kwamba kuruta huyu ana kiburi. Kiburi, wasikilizaji wapendwa, kwa mtu aliyekuwa anakufa kwa heshima.

Kwa nini hakusema? Aliogopa kuambiwa kwamba alidanganya kwenye fomu. Na Loisi hakujua lolote, maana posa ilijibiwa yeye akiwa kazini, na hakuwa amefika kwao miezi mitano.

Wiki ya sita wakaingia uwanja wa vikwazo. Mwishoni palikuwa na ukuta wa mbao, mrefu kuliko mtu aliyenyoosha mikono. Anayefika juu anavutwa na aliyetangulia, na wa mwisho anavutwa na mkufunzi. Matonya, kwa urefu wake, aliwekwa wa mwisho ili awasukume wenzake. Wote wakavuka. Sajenti Loisi akainama kutoka juu, akamnyooshea mkono.

Matonya akautazama ule mkono. Akarudi nyuma.

Narudia: hakukataa amri. Alikataa mkono. Lakini jeshini nani anatenganisha hayo? Kikosi kizima kikarudia uwanja mara tatu juani, na Matonya akaambiwa kwamba Ijumaa ndiyo nafasi yake ya mwisho. Asipovuka, anafungasha.

Rafiki yake Ulimboka, mtu wa Tukuyu aliyelala naye kitanda cha juu na chini, ametusimulia kwa simu yaliyofuata. Alimkalia Matonya kooni, akitaka kujua ule ukuta umemkosea nini. Matonya akamweleza yote. Ulimboka akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nilimwambia, ndugu yangu, kwetu mwanamke akimwona baba mkwe wake anajificha nyuma ya nyumba," anasema Ulimboka. "Sasa wewe utajificha wapi, na nyumba yenyewe ndiyo kambi?"

Matonya akawa anapima pande zote mbili. Akirudishwa nyumbani, wazee wa Frida watamwozaje binti yao kwa aliyeshindwa kuvuka ukuta? Akiushika ule mkono, atasimamaje mbele ya wazee haohao? Ulimboka anakumbuka kwamba siku zile mwenzake alipiga kwata akianza na mguu usiofaa, akavaa shati ndani nje, na akiitwa jina aliitika mara mbili.

Ijumaa ikafika. Wenzake wakavuka. Akabaki peke yake chini ya ukuta. Mkono ukashuka. Matonya akafumba macho, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Afande, mimi ndiye mkwe wenu. Yule wa Frida."

Ulimboka anasema mkono ule ulirudi juu kama umeunguzwa na sufuria. Sajenti Loisi, aliyewahi kuwaliza wanaume, akageuka akampa mgongo kuruta wake. Uwanja mzima ukapigwa butwaa. Hakuna aliyejua acheke au asimame mguu sawa. Sajenti mwenyewe, kwa muda, hakujua ashuke au abaki.

Kisha akafungua mkanda wake wa kijeshi. Akiwa bado ametazama upande wa pili, akaushusha mkanda nyuma yake.

"Kuruta, panda."

Matonya akaushika. Mkono haukugusa mkono. Jicho halikuona jicho. Akavuka.

Ofisa aliyekuwa akiandika matokeo akauliza kwa nini mkufunzi alimpa mgongo mwanafunzi wake. Loisi akajibu kwamba alikuwa akiangalia usalama wa upande ule. Ofisa akaandika: amevuka. Na jioni hiyohiyo, kupitia kwa Ulimboka, Sajenti akatuma salamu kwamba kuruta fulani azunguke uwanja mara ishirini kwa kuficha habari za posa.

Matonya alihitimu. Alikula kiapo. Alimwoa Frida. Lakini hakutulia. "Aliniuliza miaka yote," anasema Frida. "'Mama Joha,' ananiita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, 'mimi nilifaulu, au nilifaulishwa?' Nikimwambia ulifaulu, ananiuliza umejuaje. Basi nikaacha kumjibu."

Siku ya mazishi Loisi alikuwepo. Amestaafu sasa, anatembea kwa fimbo. Watu walipopanga mstari kuaga, yeye alisimama pembeni muda mrefu. Frida akamfuata, akamshika mkono, wakaenda pamoja hadi kwenye jeneza.

"Tangu siku ile ya ukuta sijamtazama usoni," Loisi alimwambia. "Leo nimemtazama. Kumbe alikuwa na kovu kwenye nyusi. Sijui, mwanangu, kama nimeruhusiwa."

Waliondoka wameshikana.

Kwa Frida, kwa Joha na wadogo zake, kwa Mama Loisi na kwa Ulimboka, tunawapa pole kwa mioyo yetu yote. Mungu ampumzishe Matonya mahali pema. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tukimwona mtu anainamisha macho mbele yetu, tusiharakishe kuandika kiburi. Tumuulize kwanza anamheshimu nani.