Ignas Mloka na Hodi ya Chumba cha Tangi

Mzee Ignas Mloka, fundi wetu wa maji ya moto, anastaafu Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia Nyumba ya Wageni Mlimabaridi, hapa Bigwa, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Kamati ya sherehe ilinipa mimi, Semeni Kibwana wa dobi, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa maelezo kwamba nina mwandiko mzuri na nimekaa naye sana. Nilikubali haraka. Sasa naogopa, na mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Alizaliwa Matombo mwaka 1965, akajifunza ufundi bomba kwa baba yake mdogo mjini, na akaripoti hapa Julai 1994. Wakati huo maji ya kuoga yalichemshwa kwenye pipa nyuma ya jiko, na kila mgeni alipelekewa ndoo yake mlangoni. Mzee Mloka ndiye aliyefunga hita ya kwanza, kisha ya pili, mpaka vyumba vyote kumi na vinne vikapata. Ndiye pia aliyefunga tangi kubwa la lita mia tatu linalohudumia jiko na dobi. Hita zilizojaa chumvi ya kisima alizifungua, akazikwangua, akazirudisha kazini. Zile zilizokataa kabisa alizisindikiza mwenyewe hadi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu Kihonda, kama mtu anayemtoa mgeni njiani.

Ubishi anao. Mwaka 1998 mwenye nyumba, Bwana Prakash, alitaka hita ya chumba namba tisa ifungwe siku hiyohiyo ingawa waya wa ethi, ule unaopeleka hitilafu ya umeme ardhini, ulikuwa haujaletwa. Mzee Mloka alilikalia boksi la hita siku mbili nzima, akala chakula chake cha mchana hapohapo, mpaka waya ukaletwa. Bwana Prakash mwenyewe huisimulia habari hiyo kwa kicheko, lakini siku ile hakucheka.

Kitu ambacho kila mfanyakazi mpya alimcheka nacho ni hodi. Mzee Mloka haingii chumba cha tangi bila kusimama mlangoni na kupiga hodi, ingawa humo ndani hamna mtu. Mimi nilipoanza kazi mwaka 2015 nilicheka kuliko wote. Akaniambia, bila hasira, "Hodi si ya tangi, mwanangu. Ni yako wewe. Inakusimamisha, na ukisimama unasikia."

Aliyaogopa maji ya moto kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, wala hakuona haya kusema. Methali moja tu ilimkera, ile isemayo maji ya moto hayachomi nyumba. Alidai aliyeitunga hakuwahi kuona tangi lililozibwa likichemka.

Mimi nililiziba.

Ilikuwa Jumatano, Julai 2017, mwezi ambao baridi ya mlima inashuka mpaka kwenye mifupa. Nyumba ilijaa wakulima wa mpunga wa Dakawa waliokuja semina, watu waliozoea joto, na kila mmoja alitaka kuoga mara mbili kwa siku. Mzee Mloka alikuwa amekwenda msibani Matombo. Tangi letu lina valvu ya usalama ya kupunguza presha, na bomba lake dogo limepenyezwa ukutani hadi upande wetu wa dobi. Tangi likipata moto, bomba hilo hudondosha matone machache, na siku zote tuliyawekea kopo. Lakini mchana ule matone yakageuka mchirizi, yakalowesha shuka nilizokwisha kuzipiga pasi. Nilikasirika. Nikafanya kama tunavyoziba dumu nyumbani: nikachukua gunzi la muhindi, nikalivika kitambaa, nikalifunga kwa uzi mwekundu tunaotilia alama shuka zetu, nikaligongomea kwenye bomba kwa jiwe. Mchirizi ukakoma. Nikajisifu.

Usiku ule swichi ya tangi ilizimwa kama kawaida, na saa kumi na moja alfajiri mpishi akaiwasha. Saa moja na robo Mzee Mloka aliingia kazini akitokea msibani. Alisimama mlango wa tangi, akapiga hodi. Hakusikia tone hata moja kwenye kopo. Alichosikia ni ngurumo ya chini ndani ya chuma.

Sisi wanawake sita wa dobi tulikuwa tukipiga soga na pasi zinakwenda. Alitokea mlangoni kwetu, sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyonitisha. "Zimeni pasi. Tokeni mmoja mmoja, msikimbie. Msichukue kitu." Akaenda nje kwenye swichi kuu, akakata umeme wa nyumba nzima, kisha akasogeza kila mtu, wapishi na wageni, mpaka kwenye shamba la migomba juu ya njia.

Bwana Prakash alikuja na taulo begani, akitaka mtu aingie akafungue bomba lolote, wageni waoge. Mzee Mloka alitanua mikono kumzuia. "Bosi, nisamehe. Leo haingii mtu pale, hata wewe. Litapoa lenyewe au litasema lenyewe."

Kwenye migomba ile niliogopa jinsi ambavyo sijapata kuogopa. Nilijua gunzi liko wapi. Nilitaka kusema, nikabaki nalo moyoni. Niliangalia paa la dobi nikingoja liruke, na katikati ya hofu hiyo, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiifikiria kazi yangu.

Baada ya nusu saa hivi ulisikika mshindo mmoja. Madirisha ya dobi yakawa meupe kwa mvuke. Gunzi lilikuwa limefyatuka, likavuka meza yangu ya pasi, likapiga ukuta wa pili. Shimo lake bado lipo chini ya rangi. Liko kwenye kimo cha kifua changu. Nimelipima mara nyingi.

Mzee Mloka hakumruhusu mtu kurudi mpaka adhuhuri. Aliingia peke yake. Alipotoka alikuwa na gunzi mkononi, uzi mwekundu ukining'inia. Hakumtazama yeyote kati yetu sita. Alilitia mfukoni, akaenda kubadilisha themostati iliyoungua, ile inayokata umeme maji yakishapata moto, na valvu yenyewe, na jioni wakulima wa Dakawa wakaoga.

Wiki iliyofuata aliniambia, "Semeni, kesho uje mapema, ukaone tangi linavyopumua." Nikaenda. Nimekwenda kila asubuhi kwa miaka minane, nikajifunza kulisikiliza tangi kwa bisibisi, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, kukagua ethi, kuinua mkono wa valvu na kuurudisha. Nilidhani alinichagua kwa sababu nina akili.

Mwezi uliopita kamati ilinipa jalada lake ili nitoe tarehe. Ndani yake, katika miaka thelathini na mmoja, kuna doa moja: barua ya onyo ya tarehe 17 Julai 2017, kwa uzembe. Nyuma yake ipo ripoti aliyoiandika kwa mkono wake. "Bomba la valvu lilikuwa limeziba. Ukaguzi ni wajibu wangu." Jina langu halimo.

Nilimfuata karakana, nikampa shikamoo, nikamwambia yote. Alinisikiliza huku akifuta spana. Kisha akafunua kisanduku chake cha vifaa, akatoa gunzi lililofungwa kwa gazeti, uzi ukiwa bado upo. "Chukua. Limekaa sana kwangu." Nikamuuliza alijuaje, na kwa nini hakunitaja. Akasema, "Uso wako kwenye migomba ulinitosha. Ningekutaja ungefukuzwa, na mahali pako angekuja mtu asiyeogopa. Wewe ulikuwa umeshaogopa."

Nimempelekea wasifu huu Bi. Drashti, binti wa Bwana Prakash na meneja wetu wa sasa, kabla haujachapwa. Hakufuta hata neno. Aliitoa barua ya onyo kwenye jalada la Mzee Mloka, akaniagiza niandike barua yangu ya kukiri kwa ajili ya jalada langu. Nimeandika. Funguo za chumba cha tangi, ambazo nilikuwa nikabidhiwe Jumatatu, amesema bado anazifikiria, na ana haki. Atakayepewa, nakuomba usimame mlangoni kwanza.

Mzee Mloka, kwa niaba ya jiko, dobi, mapokezi na ulinzi, asante kwa kila asubuhi ambayo hatukujua kwamba tumeokolewa. Nenda Matombo ukapumzike, uoge maji aliyoyachemsha mtu mwingine, na uzee wako uwe mwema na wa amani. Unaondoka na jina safi, kama ulivyokuja nalo.

Gunzi lilikuwa langu.

Semeni Kibwana
Msimamizi wa Dobi