Niliinuliwa Nikiwa Nimekaa

Amani ya Yesu iwe nanyi, ndugu zangu! Mimi ni Rehema, wengi hapa kanisani Lewisham mnaniita Mama Joyi. Nimejaa furaha leo, mnivumilie.

Mnakumbuka nilivyokuwa. Nilihudumia wazee majumbani, na Jumapili nilicheza mbele ya kwaya mpaka viatu vinatoka. Siku moja lifti ya jengo letu iliharibika. Nikashuka ngazi na mfuko wa nguo, nikateleza. Uti wa mgongo ukaumia. Nilipozinduka hospitalini, miguu sikuisikia kabisa.

Ndugu zangu, nilimkasirikia Mungu. Mlipokuja kuniombea nisimame, nilijifanya nimelala ili mwondoke. Hata chakula nilikataa.

Wodini alikuwa akija mzee mmoja kutembelea wagonjwa, naye yuko kwenye kiti cha magurudumu. Ni Mzee Harbans, Singasinga wa mtaa wa Southall, mzaliwa wa Kisumu. Alinisikia nikilia kwa Kiswahili kwenye simu, akasogea.

"Mama," akasema, "miguu imekataa, sawa. Mikono imekosa nini?"

Nikacheka! Sikuwa nimecheka tangu nianguke. Kisha nikalia, kisha nikaomba: Bwana, leo sikuombi miguu, nipe moyo wa kuketi.

Akanipa. Kesho yake niliomba uji. Nikafundishwa kuhama kutoka kitandani hadi kitini, nikaanguka, nikarudia. Kwenye jiko la mazoezi la hospitali nikasukuma chapati nimekaa. Binti yangu Joyi akanicheka kwa Kiingereza, unga umenijaa usoni, nami nikamjibu kwa Kiswahili ale anyamaze.

Ndugu zangu, leo nimerudi kazini. Mimi ndiye ninayewapangia wahudumu zamu zao. Ninaendesha gari kwa mikono, breki na mafuta vyote mkononi. Mjukuu wa Mzee Harbans alipoolewa, nilizungusha kiti katikati ya ngoma za Kipunjabi mpaka mabibi wakanipisha uwanja.

Miguu bado imelala. Maumivu yapo, na siku za machozi zipo. Lakini ile roho ya kukata tamaa, Yesu ameing'oa! Asante kwenu mlioendelea kuja hata nilipofumba macho.

Na wewe uliyekaa nyuma, unayeona maisha yamekwisha, mtumaini Bwana huyu. Kama huna nguvu ya kuomba, niambie tu unakaa wapi. Nitakuja na gari, tutaomba wote.