Mtungi wa Mama Mkwe

Mzee Clement alikusudia kulala kutoka Manyoni mpaka Kilimatinde, lakini kwenye kiti cha mbele yake Faith, binti wa kidato cha nne, alikuwa akikokotoa swali la kemia kwa sauti, na usingizi haupatani na jouli, vipimo vya nishati.

“Linahusu nini hilo, mwanangu?” akauliza Redempta, mama aliyekaa kando ya binti. Alikuwa amepakata mtungi mpya uliopakwa rangi nyekundu ya mafuta, unang’aa kuliko basi lenyewe.

“Mtungi, mama. Kwa nini maji yake hupoa kuliko ya ndoo.” Faith akaeleza kwamba maji hupenya vitundu vya udongo, yakageuka mvuke kwa nje, na gramu mia tu huondoka na jouli laki mbili na ishirini na sita elfu. “Joto hilo linatoka kwenye maji yanayobaki.”

“Na ukipakwa rangi?”

Faith akautazama mtungi. “Vitundu vinaziba, mama. Unakuwa ndoo.”

“Ndoo! Mama mkwe kila akija kwangu ananisema nampa maji ya kunawia. Huu nampelekea zawadi, nimeupaka mwenyewe, aone heshima.”

“Heshima ataiona. Maji ndiyo yatakuwa vuguvugu.”

“Hesabu zenu hazimjui mama mkwe!”

Mzee Clement akafumba macho kwa adabu. Alipoyafumbua, basi lilikuwa linasimama Kilimatinde. Mama mkwe alikuwa kituoni, mikono ameshainyoosha kupokea. Redempta akamtolea shikamoo tamu dirishani, huku chini ya dirisha kucha zake zikikwangua rangi.