Mchumba wa Kwenye Ngoma

Kitendawili, wajukuu: ngoma ikilia analima kama trekta, ikinyamaza jembe linamwelemea. Ni nani? Mama mmoja, Kija, alimpata wa kwake: mchumba wa bintiye. Alipanda lori la pamba la mnunuzi binafsi, akaketi juu ya magunia kwenda Somanda, kwa wazazi wa kijana, kuvunja uchumba.

"Kwenye kundi la kulima kwa ngoma aliwaacha wote nyuma, baba," alimweleza mzee waliyepanda pamoja. "Juzi nikampa shamba langu alime peke yake. Nimemkuta amelala!"

Mzee akacheka mpaka gunia likatikisika. "Pole, mayu, mama yangu. Ulimpima kwa ngoma. Na mumeo ulimwona wapi?"

Kija akaikaza kanga yake ambayo haikuwa imelegea. Lori likasimama Somanda, akashuka.

"Kwenye ngoma, baba. Ndiyo maana shamba nalima mimi."