Walinzi Wawili Waliofungana Pingu

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi; Mwenyekiti wa Ushirika wetu wa Wakulima wa Mihogo, Mzee Maganga, shikamoo; viongozi wa dini mliotufungulia kwa sala na dua; wanachama mliotoka Kibuta na Mzenga; na wewe ndugu Godbless, uliyevaa suti kutoka Kibaha kuja kuagwa: habari za mchana.

Naitwa Atupele, na kazi yangu hapa ni kutunza kompyuta zetu mbili, moja ya ofisini na moja ya ghalani. Kamati imeniagiza nimuage ndugu Godbless kwa maneno machache na mepesi. Nimejitahidi, lakini jambo hili nimelifikiria mno, na mtu akifikiri sana hata neno jepesi huwa na uzito wa gunia.

Wengine mnanong'ona: huyu ni nani hata achinjiwe mbuzi? Ndugu zangu, Godbless ana duka dogo Maili Moja, pale Kibaha. Anauza antivairasi, yaani programu inayokaa ndani ya kompyuta kama mlinzi, kuzuia virusi vinavyoharibu kazi za watu, na inatengenezwa na kampuni ndogo inayojitegemea. Kwa nini basi tunamuaga? Kwa sababu kampuni kubwa iliyotengeneza mfumo unaoendesha kompyuta zetu nayo sasa inatoa mlinzi wake, humo humo ndani, bure. Kamati ikasikia neno bure. Je, kuna haja ya kueleza zaidi?

Naomba niwapeleke Maili Moja kidogo. Mama Recho alipanga kibaraza kwa Mzee Gregori, akawa anauza chapati. Foleni ikarefuka. Mwenye nyumba akaitazama dirishani, akatafakari, kisha akatangaza kwamba kila mpangaji wake atapelekewa chapati bure hadi mlangoni. Mama Recho akamwambia, "Baba mwenye nyumba, si ungesema tu nihame?" Naye akajibu kwa upole, "Nani kakufukuza, mama? Mimi nawajali tu wapangaji wangu." Mama Recho akavuka barabara na jiko lake. Chapati za bure zikabaki nene, maana harufu ya upande wa pili ilikuwa inavuka. Lakini siku alipokwenda Moshi msibani, mnajua kilichotokea? Chapati za mwenye nyumba zilikonda hata ukiinua moja unaona hadi Mlandizi kupitia humo. Mama aliporudi, zikanenepa siku ile ile.

Nalisema hilo, halafu naliacha hapo.

Ndugu wageni waalikwa, tukumbuke pia kilichotufikisha hapa. Msimu uliopita walinzi hawa wawili, wa mwenye mfumo na wa Godbless, walikuwa wakiishi pamoja katika kompyuta ya ofisini. Asubuhi moja wakamtokea karani wetu, Mama Asteria, kwenye skrini kwa mpigo. Mmoja anauliza: kuna programu ninayoitilia shaka, niifungie? Mwingine anauliza: kuna programu inayonizuia kazi, niisimamishe? Mama Asteria ni mtu wa adabu. Hajawahi kumkatalia yeyote aliyemwomba kwa ustaarabu. Akaona si haki kumpa mmoja na kumnyima mwenzake. Akabonyeza ndiyo, na ndiyo.

Basi fikirini: mlinzi wa geti kamfunga pingu mlinzi wa ghala, wa ghala kamfunga wa geti, wote wako chini, na kila mmoja anapiga kelele, "Nimemkamata mwizi!" Wakati huo huo mwanachama mwenzetu Seif anaingia na flashi yenye picha za harusi yake, flashi iliyochomekwa kila steshenari kuanzia Kisarawe mjini hadi hapa. Nakusikia, Seif, huko nyuma: "Mimi nilileta picha tu!" Ni kweli, kaka. Picha zilikuwa nzuri. Zilikuja na wageni.

Mafaili ya mizani, yaani kilo za mihogo ya kila mwanachama, yakatoweka yote. Nikaipigia simu kampuni kubwa. Ikaniwekea muziki. Muziki ukaisha, ukaanza upya. Mdundo ule mpaka leo nauota. Nikampigia Godbless. Akaja na bodaboda katika mvua, akaitazama skrini huku suruali inachuruzika, akasema, "Dada Atu, hapa hakuna mgonjwa. Hapa kuna ugomvi wa ndoa."

Mama Asteria akauliza, "Nimeua, mwanangu?"

"Hujaua, mama. Umesuluhisha kupita kiasi."

Akawafungua walinzi wote wawili, na hakuondoka mpaka faili la mwisho liliporudi. Nikamuuliza, kwa nini umemfungua na yule wa mshindani wako? Akanijibu, "Dada, huyo akilala, hata kampuni ninayoiuzia italala kwa kukosa mshindani."

Maneno hayo yamenikosesha raha. Na leo pale getini ameniambia, akicheka kama mtu asiyecheka, kwamba sisi ndio mteja wake mkubwa, na tukiondoka duka linafungwa.

Kamati imesema walinzi wawili hawakai mlango mmoja. Ni sahihi kabisa. Lakini Mzee Maganga, kwani sisi tuna mlango mmoja?

Hapa mkononi nina kitenge. Mila ya ushirika wetu inajulikana: aliyevishwa kitenge cha kuagwa harudi kazini. Fundi wetu wa mizani, Laurean, alivishwa kimakosa kwenye sherehe ya mwenzake, na ikabidi tutafute fundi mwingine. Kwa hiyo kitenge hiki naogopa kukikunjua. Badala yake natoa hoja: kompyuta ya ofisini ibaki na mlinzi wa bure, ya ghalani ibaki na mlinzi wa Godbless, na kila mmoja anuse chapati za mwenzake.

Mwenyekiti anauliza nani kaniruhusu kutoa hoja katikati ya hotuba ya kuaga. Hakuna, mzee wangu. Lakini wanaoafiki, mikono juu! Naiona. Wasioafiki? Mama Asteria, umenyoosha mara zote mbili. Tunahesabu ule wa kwanza. Mwenyekiti anasema imepita, kwa sababu pilau inapoa. Naipokea sababu hiyo kwa heshima zote.

Ndugu Godbless, pole. Ulikuja kama mgeni wa kuagwa, ukakalishwa meza kuu, na mgeni hapa kwetu huhudumiwa. Mfanyakazi wa ushirika huhudumia. Tafadhali vua koti, shuka huko, chukua jagi na beseni uwanawishe watu mikono, ukianza na Mheshimiwa Diwani.

Nami nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho, ingawa harufu ya jikoni ilikuwa ikinipinga waziwazi. Asanteni sana. Godbless, maji.