Jana, Nani Mwingine Alimbeba Mtoto Huyu?

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa huu na wa mitaa ile mitatu, wafanyakazi wenza wa marehemu, na wote mliofika, mimi ni mdogo wake, wa tatu kuzaliwa, na familia imenituma nisome historia ya maisha yake, ingawa kaka zangu wamenionya nisiongeze maneno, nami nimewaahidi kwamba nitajitahidi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa kifungua mimba kati ya watoto watano wa karani wa mizigo na mshona nguo, na kwa kuwa mama alishinda kwenye cherehani, mgongo wa dada ndio uliokuwa kitanda chetu, maana alitubeba wote kwa zamu, hata mimi niliyekuwa mnene kuliko yeye, huku akikariri hesabu za kuzidisha kwa sauti. Nikifumba macho mpaka leo nauona ule ukuta wa bluu wa jikoni, nasikia cherehani inakwenda, na sauti ya dada inasema saba mara nane. Jamani, tulikuwa na raha na hatukujua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1968, ambako aliadhibiwa mara nyingi kwa kosa la kuuliza, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu mwezi Novemba 1972, na kupangiwa wodi ya watoto. Alifanya kazi hapo miaka zaidi ya saba, na kilichomuuma ni kwamba mtoto alitibiwa, akapona, akaenda nyumbani, na baada ya muda mfupi akarudi amekonda kuliko mwanzo, na hapo wodini hakuna aliyejua huko nyumbani kulikuwa na nini.

Kwa hiyo tarehe 3 Machi 1980 aliacha wodi, akajiunga na utafiti wa afya na ustawi wa watoto na familia, uliofuatilia watoto wa mitaa minne tangu kuzaliwa hadi kufikia utu uzima, na kila mwezi alipita mlango kwa mlango, mizani begani, dodoso mkobani. Taratibu zilisema mtafiti asimame, aulize, apime, aondoke, lakini yeye akifika mlangoni alinyoosha mikono kwanza, akamwambia mama wa watu, lete mtoto, pumzika kidogo, na maswali yakafuata baadaye, jambo lililompatia barua ya onyo ofisini na jina la Mama Lete mitaani, hata watoto wakadhani ndilo jina alilopewa na wazazi.

Mwaka 1981, katika mtaa huu huu, mama mmoja kijana wa nyumba ya kona, ambaye leo sote tunamwita Bibi wa Kona na yuko pale kwenye kiti cha mbele, alimuuliza dada kwa ukali, kwamba ninyi kila mwezi mnakuja, mnauliza, mnapima, mnaandika, hayo majibu mnayapeleka wapi, mnayala? Dada akaahidi kwamba siku majibu yakipatikana atayaleta mwenyewe, mtaa kwa mtaa, na ahadi hiyo ilimkaa rohoni maisha yake yote.

Mwaka uliofuata ubao wa kupimia urefu wa watoto ulivunjika, akaenda kwa fundi seremala wa mtaa huu, kijana mwembamba mwenye penseli sikioni, ndiye shemeji yetu huyu, ambaye alimuuliza urefu wa mtu anayetengenezewa, dada akajibu kwamba huo ndio anaoutafuta. Shemeji hakutaka kuonekana hajaelewa, akatengeneza ubao wa kung'aa, lakini kile kibao cha miguuni, kinachotakiwa kuteleza, akakipigilia misumari imara, ili watoto wote wa mtaa watoke na urefu mmoja. Ubao ukarudishwa, ukarekebishwa, kisha ukaendelea kurudishwa ukiwa mzima kabisa, kwa sababu wanazozijua wenyewe, na tarehe 17 Desemba 1983 wakafunga ndoa.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1985, ambaye sasa ni mkunga, na mvulana wa 1988, ambaye ni fundi umeme, na wajukuu watatu. Mama yao alipokuwa kwenye milango ya watu, wao walilelewa na baba aliyepiga randa huku akisukuma kitanda cha mtoto kwa mguu, na mimi, na fundi viatu wa hapo mkabala, na Bibi wa Kona, ambaye alimkaripia dada asubuhi na jioni akampokea mtoto.

Ni katika siku hizo, mwaka 1986, dada alipoomba dodoso liongezwe swali moja, kwamba jana, zaidi ya mama, mtu mzima gani mwingine alimbeba mtoto huyu, na wenzake ofisini wakacheka, wakasema huo ni umbea, lakini mnamjua alivyokuwa king'ang'anizi, akawasumbua mpaka likaingia, la mwisho kabisa, chini ya ukurasa. Baadaye alipata shahada ya afya ya jamii mwaka 1991, akawa kiongozi wa utafiti huo mwaka 1996, na ripoti kamili ilisomwa mwaka 2009 katika ukumbi wenye mazulia, ambamo hakukuwa na mama hata mmoja wa mitaa ile, na dada alirudi nyumbani siku hiyo akalia, nilimwona.

Alistaafu tarehe 9 Mei 2010, akaanza kuilipa ahadi yake, akakaa uani na watu wa mtaa wa kwanza, wa pili na wa tatu, akiuacha huu wa nyumbani mwisho, na sababu yake nitaisema. Mkutano wenu ulipangwa Jumamosi ya tarehe 25 Agosti 2012, lakini tarehe 2 ya mwezi huo huo alianza kuvimba miguu, akalazwa kwa maradhi ya figo, na kila aliyekwenda kumwona alipewa salamu awaletee kwamba mkutano umeahirishwa, haujafutwa. Alipoona nguvu zinamwishia aliniita, akanifundisha majibu, nikikosea ananirudisha mwanzo, mgonjwa mwenyewe hana sauti lakini ukali uko pale pale, mpaka nikasema sawasawa. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 16 Oktoba 2012, saa kumi na moja alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Sasa kaka zangu mnisamehe, haya ndiyo maneno ninayoongeza. Chakula, maji safi, kipato na elimu ya wazazi vyote vina uzito mkubwa, nisije nikasema havina, dada atanisahihisha kutoka humo alimo, lakini katika nyumba zilizolingana kwa hayo yote, watoto walioongezeka uzito vizuri na kuugua kidogo, na mama zao waliokuwa na nguvu ya kucheka, ni wale ambao kila siku kulikuwa na mtu mwingine wa kumpokea mama mtoto wake, awe baba, bibi, mama mdogo au jirani wa mlango wa pili. Na katika mitaa yote minne, mtaa ambao majirani walipokea watoto wa wenzao kuliko mwingine wowote ni huu, na dada aliuweka mwisho kwa kuogopa kuambiwa anawapendelea watu wa kwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, ambao aliwahoji mmoja mmoja nani amebaki na watoto wao wakati wao wako zamu, na wafanyakazi wenzake, ambao waliliacha swali lile kwenye dodoso ingawa walicheka. Nanyi majirani, mmetuletea maji, viti na turubai, asanteni, lakini shukrani yenu kubwa ni hayo majibu niliyoyasoma, kwa kuwa yanawahusu ninyi.

Bibi wa Kona, uliuliza majibu yanapelekwa wapi, basi yameletwa, yamechelewa miaka thelathini na moja, na aliyeyabeba alichoka njiani, ikabidi nimpokee. Mama Lete, dada yangu, lete, mikono yetu iko tayari, na wewe pumzika kwa amani.